Kabati la Mbao Mbichi

Jumanne, 6 Februari 2024

Mvua tangu alfajiri, nzito. Fundi aliyenifundisha useremala kule Ulyankulu, Tanzania, tulipokuwa wakimbizi, alitaka tuandike mvua ya kila siku, kwa sababu fundi asiyejua mvua hajui mbao zake. Huu ni mwaka wa kumi na tano tangu nirudi Burundi na bado naandika. Siku nyingi mstari mmoja unatosha.

Leo Othmani alikuja hapa karakana, Magarama, mjini Gitega. Ndiye mtunzaji wa Nyumba ya Kale, yale makumbusho madogo ya chama chao cha kutunza vitu vya kale, kule Musinzira. Kabati la vioo nililowatengenezea mwezi wa nane mlango wake umegoma kufunguka. Nikachukua randa, tukaenda kwa miguu.

Niliondoa unene wa ukucha pembeni mwa mlango, ukafunguka. Harufu kali ikatoka, kama siki iliyomwagika. Ndani kuna mawe tisa ya mizani ya Mzee Sefu, mfanyabiashara wa chumvi na ngozi wa Muyinga enzi za Wajerumani. Ni ya risasi iliyochanganywa na bati, lililo kubwa ni kama ngumi, lililo dogo kama harage. Kila moja lina mwezi na herufi sini ya Kiarabu, alama ya mwenyewe.

"Muzee, ona hii," Othmani akasema. "Iko inatoa unga."

Kweli, jiwe kubwa lilikuwa na ukungu mweupe kama uso uliopakwa unga wa muhogo. Othmani alilipuliza kwa mdomo, akalifuta kwa kiganja.

"Chokaa ya ukutani hiyo," nikasema haraka, kabla hajaniuliza. "Kabati inapitisha hewa. Nitakuletea mpira wa kuzungushia mlango, vumbi lisiingie."

Akanishukuru.

Jumatano, 7 Februari

Mvua mchana. Mlango ulivimba kwa sababu mbao zilikuwa mbichi. Nimeandika.

Alhamisi, 15 Februari

Mvua ndogo. Nimepigilia ule mpira. Sasa hata uzi haupiti.

Jumamosi, 24 Februari

Mvua ya mawe, maharage ya mke wangu Jeska yamelala chini. Nilipita Nyumba ya Kale kuangalia mlango. Othmani ananiambia anafuta mawe kila Ijumaa na unga unarudi, siku hizi kwenye yote tisa. Nilimwambia azidi kufunga vizuri.

Jumapili, 3 Machi

Hakukunyesha, lakini mawingu yalikaa siku nzima.

Baada ya misa Fabiano, mwenyekiti wa chama, alituma nije upesi. Mwenye mawe alikuwa amefika. Bibi Kadidja ni mjukuu wa Mzee Sefu na ni shangazi wa Othmani. Ametoka Muyinga na wajukuu wawili wa kike kuwaonyesha urithi wao. Ni mwembamba, mtandio wa kijani, haongei sana. Nilipoingia alikuwa ameshika jiwe kubwa, anasugua kwa kidole gumba mahali palipokuwa na alama.

"Sini imekwenda wapi?" akauliza.

Unga ulikuwa umekula mwezi na herufi pamoja. Bibi Kadidja akanusa kiganja chake, akaingiza kichwa kabatini, akanusa tena.

"Othmani. Hii ni harufu ya siki."

"Ego, shangazi, na mi nainusa. Sijui inatoka wapi."

"Kaka zako pale Muyinga, kabla ya kulehemu sufuria wanasafisha na nini?"

Nikaona uso wa Othmani unabadilika. Kaka zake ni mafundi wa mabati na sufuria, na kila mtu anajua wanasafishia kwa siki au maji ya betri ili risasi ishike.

"Mi sikutia kitu, shangazi. Haki ya Mungu. Natumia kitambaa kikavu tu."

"Nilizitoa kwenye kasha la mama yangu," Bibi Kadidja akasema polepole. "Miaka mia zimekaa zikiwa nyeusi, na zinasomeka. Hapa hata mwaka hazikufikisha."

Fabiano alimwahidi kuleta mtaalamu. Mimi nilisimama karibu na mlango na bisibisi mkononi, kama mtu aliyekuja kukaza skrubu.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua, usiku na mchana. Sina hamu ya kula.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua ilianza saa nne na haikukoma.

Mtaalamu amekuja kutoka Bujumbura, mwanamke kijana, Madamu Nadia. Amesomea ng'ambo kutunza vyuma vya zamani. Alivaa glavu na barakoa kabla ya kugusa chochote. Kitu cha kwanza alimuuliza Othmani alikuwa anafuta vipi.

"Na kitambaa. Mara ingine na mkono. Napuliza."

"Mon Dieu. Ule unga ni sumu, kaka. Ni risasi yenyewe imegeuka. Usiguse tena. Uje Bujumbura nikupeleke wakupime damu."

Othmani alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Mara ngapi amepuliza ule unga mbele yangu?

Madamu Nadia alikaa saa nzima na taa yake na kioo cha kukuzia. Halafu akatuita mezani, Fabiano, Othmani na mimi, akaeleza hivi, naandika kama nilivyosikia:

"Risasi haiogopi maji sana, inaogopa asidi. Hapa asidi imeingia, hiyo iko clair, iko wazi. Sasa, kuna njia mbili. Ya kwanza, mtu ametia siki ama kitu kama siki. Ya pili ni kabati. Mbao ikiwa mbichi, inapumua asidi miezi na miezi, na kama mumeifunga sana haina pa kutokea, inakula kilicho ndani. Mkaratusi ndiyo mbaya zaidi." Akanigeukia. "Muzee ndiye fundi? Mbao ilikaushwa muda gani?"

Kalamu yake ilikuwa juu ya karatasi. Fabiano alikuwa ananitazama, Othmani alikuwa ananitazama. Alikuwa amefunga, midomo imekauka. Ilikuwa siku ya nne ya Ramadhani.

"Miaka miwili," nikasema. "Juu ya dari yangu. Kavu kabisa."

Akaandika. Alinusa ubao, akauzungusha kwenye taa. "Bizarre, ajabu," alisema. Lakini aliandika.

Haikuwa lazima kusema zaidi. Njia zilikuwa mbili na moja nimeiziba mimi. Fabiano alimwambia Othmani aweke funguo mezani. Akaziweka. Hakupiga kelele, hakuapa. Alitoka kwenye mvua bila koti, na Fabiano akapiga simu Muyinga hapo hapo, nikisikia: "Ndiyo, Bibi. Mtaalamu anasema ni asidi. Fundi anasema mbao ilikuwa kavu. Donc…"

Sasa niandike nilichokificha tangu mwaka jana.

Mbao kavu zilikuwepo kweli. Grevilea, miaka miwili juu ya dari yangu, nilizitunza kwa kazi kama ile. Chama kiliziona, kikazigonga, kikakubali. Lakini mwezi wa saba Emerensiana, binti yetu, alichumbiwa, harusi ikaharakishwa, na mimi nilitaka aende Giheta na kitanda ambacho wakwe zake wangekisimulia. Nikamtengenezea kwa zile mbao. Kabati la watu nikalifanya kwa mkaratusi uliokatwa mwezi mmoja kabla. Nililipaka vanishi mara tatu ili rangi isinisaliti. Nilijua utapinda. Sikujua utakula vitu vya watu. Lakini nilijua utapinda.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua jioni.

Othmani alikuja karakana saa tisa. Hakukaa nilipompa kiti.

"Muzee Longino, mi sikuja kukuomba kazi. Kazi iko kwa Mungu. Nakuuliza tu. We ndo uliifanya ile kabati kwa mikono yako. Hakuna kitu kwenye mbao? Hata kidogo? Shangazi amesema nisikanyage kwake kwenye futari. Anasema angenisamehe siki, lakini uongo kwenye mwezi mtukufu hawezi."

Nilikuwa nanoa patasi. Niliendelea kuinoa.

"Mbao ilikuwa kavu, kijana wangu."

Nilimwita kijana wangu. Alisimama kidogo, akasema "Haya, muzee, asante," akaenda zake.

Jumatatu, 18 Machi

Hakuna mvua.

Nimechukua chupa mbili za kioo zenye vifuniko. Katika moja nimetia maranda ya kipande cha mkaratusi kilichobaki, katika nyingine maranda ya grevilea kavu. Kila moja nimeinyunyizia maji matone matatu na kuning'iniza kwa uzi kipande cha risasi, ile wanayobandika kwenye magurudumu ya magari. Nimezificha juu ya kabati la vyombo. Labda Madamu Nadia amekosea. Wasomi nao hukosea.

Jumapili, 24 Machi

Mvua. Sikukuu ya Matawi. Risasi zote mbili bado nyeusi. Nilifurahi, na furaha yenyewe ikanitia aibu.

Jumatano, 27 Machi

Mvua kubwa, barabara ya kwenda sokoni imekatika. Othmani amehama, amerudi Muyinga. Nimeambiwa na muuza chai.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Mvua ya asubuhi, jua baadaye. Sikwenda kupokea komunyo. Nilibaki kwenye benchi, watu wakapita juu ya magoti yangu. Jeska aliporudi mahali pake alinitazama mara moja tu. Chakula cha sikukuu tulikula tukiongea habari za mbuzi.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua.

Nilirudi kutoka kazini nikakuta Jeska ameziweka chupa mbili mezani, katikati, kama wageni.

"Baba Emerensiana, hizi ni dawa za nani?"

Nilitazama. Katika chupa ya grevilea risasi ilikuwa nyeusi vilevile. Katika chupa ya mkaratusi ilikuwa imeota nywele nyeupe, unga umedondokea maranda. Nikamkataza asifungue, nikakaa, nikamweleza yote tangu zile mbao za darini. Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwangu. Yalikuwa machache kuliko nilivyodhani.

Aliacha maji yachemke mpaka yakamwagikia moto.

"Kwa hiyo mwanangu analala juu ya kazi ya yule kijana."

"Jeska…"

"Nilikipanda kile kitanda kutandika shuka. Nilikisifu mbele ya wakwe." Akajifunika uso kwa kitenge. "Umenisifisha wizi, Longino." Hajawahi kuniita jina langu tangu tuzae.

Jumapili, 7 Aprili

Hakuna mvua. Emerensiana alikuja kutoka Giheta. Mama yake alimpigia. Hakuingia ndani, tuliongea uani.

"Baba, si ungeniambia tu kitanda kitachelewa? Ningelala kwenye mkeka. Mimi sikukuomba kitanda. Ulitaka wewe."

Ni kweli. Nilitaka mimi.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua ndogo. Nilikwenda na chupa zangu kwa Fabiano. Alizishika, akazirudisha mezani kwa vidole viwili. Nikamwambia mbao hazikuwa zile alizogonga.

Alifunga mlango wa ofisi.

"Muzee, sikiliza. Nani mwingine anajua?"

"Mke wangu na binti."

"Bon. Basi iishie hapo. Tukisema, watu wote waliotupa vitu watakuja kuvichukua. Chama kitakufa. Othmani ameshaenda, iko na kaka zake, anakula. Mambo yametulia. We tutengenezee kabati ingine polepole, bure, na mbao kavu. Imekwisha."

Najua nilipaswa kusema nini. Nilisema, "Haya, mwenyekiti." Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na nilikula. Naandika kwamba nilikula vizuri.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Hakuna mvua. Watoto wa jirani zetu Waislamu wamepita na sahani za biriani nyumba kwa nyumba, na yetu pia. Jeska alipokea, akashukuru, akaiweka mbele yangu.

"Kula," akasema. "Na yule kule Muyinga, leo amekaribishwa wapi?"

Niliisogeza sahani, nikatoka kuulizia gari la Muyinga.

Jumamosi, 13 Aprili. Muyinga

Essence hakuna kwenye pampu tangu juzi, magari machache. Nilipata lori la maharage mpaka Karuzi, na kutoka hapo pikipiki. Mvua ilinikuta njiani. Chupa nilizifunga ndani ya sweta.

Nyumba ya Bibi Kadidja ina baraza ndefu ya saruji, upande wa msikiti. Nilifika watu wakitoka kuswali alasiri. Alinitambua.

"Karibu, fundi. Umelowa."

Akaniletea taulo na kiti. Nikakataa kiti. Nikasema nina neno kwake na kwa Othmani. Akatuma mtu, na Othmani akaja kutoka karakana ya kaka zake, mikono ina masizi, amekonda. Aliniamkia. Adabu yake ilinichoma kuliko angenitukana.

Nilifungua sweta. Nikasema: "Othmani hakutia siki. Kabati nililifanya kwa mbao mbichi. Zile kavu nilizichukua kwa kitanda cha binti yangu. Madamu aliponiuliza nilidanganya. Othmani aliponiuliza nilidanganya tena. Hii hapa risasi iliyokaa na mbao kavu. Na hii imekaa na zile za kabati."

Bibi Kadidja alitazama chupa kwa muda mrefu. Kwenye ile nyeupe aliweka kidole juu ya kioo, mahali pa unga.

"Ulijua lini?"

"Kwamba mbao ni mbichi, tangu siku ya kwanza. Kwamba zimekula mawe, siku Madamu alipoeleza."

"Na jirani zangu hawa, unajua wamesikia nini juu ya mtoto wetu?"

"Najua."

"Basi usiniambie mi peke yangu." Akasimama, akaita watu waliokuwa wanavaa viatu mlangoni mwa msikiti. Walikuja, kama kumi na watano, wazee kwa vijana. "Sema tena. Na sauti."

Nikasema tena. Nilipofika kwenye kitanda nikashindwa, na mzee mmoja akasema kwa upole, "Maliza, ndugu." Nikamaliza. Wengine waliofika nyuma wakauliza kuna nini, Bibi Kadidja akanitazama, nikasema mara ya tatu.

Nilimgeukia Othmani, nikapiga magoti pale kwenye saruji. Aliniinua kwa kwapa, haraka, kama kitu kinachomwaibisha yeye.

"Mi nilikuuliza, muzee," akasema. "Nilikuja kwako na kiu, nikakuuliza."

Basi. Alirudi karakana, na baada ya muda nikasikia nyundo juu ya bati.

Bibi Kadidja alimfuata. Nilimwona kwa mbali amesimama kwenye mlango wa karakana, mtandio umemshuka mabegani, anaongea, na nyundo ikasimama. Sijui alimwambia nini. Waliporudi macho ya wote wawili yalikuwa mekundu. Nilipewa chakula na mahali pa kulala. Nilikula kwa sababu kukataa kungekuwa tusi jingine.

Jumapili, 14 Aprili

Asubuhi kabla sijaondoka Bibi Kadidja aliniambia uamuzi wake. Mawe manane yatarudi Muyinga. "Lile kubwa, lisilosomeka, libaki kwenu Gitega. Pembeni yake kuwe karatasi inayosema limefanywa nini, na nani. Kiswahili na Kirundi. Uandike we mwenyewe."

"Nitaandika, Bibi."

"Na jina lako."

"Na jina langu."

Hakuniambia amenisamehe. Alinipa mwavuli.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua. Fabiano alinikemea nusu saa, kisha akakaa na kushika kichwa. Bibi Kadidja amempigia. Amesema wakikataa karatasi atakuja mwenyewe kuisema mlangoni kila Jumapili.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua zinapungua. Othmani ameitwa arudishiwe funguo. Amekataa. Amesema akitaka kuona mawe ya babu yake anayo nyumbani. Madamu Nadia amempeleka akapimwa damu. Risasi imo, si ya kumlaza, lakini imo, atapimwa tena baada ya miezi mitatu. Othmani mwenyewe ameniambia kwenye simu bila kulalamika, nilipouliza. Nitauliza tena mwezi wa nane.

Jumanne, 14 Mei

Hakuna mvua. Nimebomoa kabati. Madamu hataki mbao tena karibu na risasi, hata kavu. Jiwe litakaa ndani ya sanduku la kioo na chuma, lililoundwa Muyinga. Nilipolipokea niliona pembe zake. Ni kazi ya Othmani, safi. Kwangu mimi hakuna kazi ndani ya Nyumba ya Kale isipokuwa kuandika.

Nimeandika karatasi mara saba. Ya kwanza ilikuwa na "kwa bahati mbaya". Ya pili ilikuwa na "kutokana na hali ya hewa". Jeska aliisoma kila moja na kunirudishia. Ya saba aliisoma, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia isichafuke mpaka kesho.

Ijumaa, 24 Mei

Jua. Nadhani mvua zimeisha.

Nilikwenda kukaza skrubu za kibao cha karatasi. Likaingia darasa zima kutoka Giheta, kama watoto arobaini, na mwalimu wao wa kike. Fabiano alikuwa anawatembeza. Alipofika kwenye jiwe aliongeza mwendo, lakini mwalimu alikuwa amesimama, anasoma kwa sauti, na watoto wakamzunguka:

"Jiwe hili la mizani lilikuwa la Mzee Sefu wa Muyinga. Lilikuwa na alama ya mwezi na herufi sini. Limeliwa na asidi ya mbao mbichi za kabati lililotengenezwa na Longino, seremala wa Magarama, aliyesema mbao ni kavu. Othmani, mtunzaji, alilaumiwa kwa kosa hili. Hakulifanya."

Mwalimu akamgeukia Fabiano.

"Huyu Longino bado yupo?"

Fabiano alitazama chini. Nilikuwa hatua mbili nyuma yao, na ningeweza kuendelea kukaza skrubu. Watoto hawakunijua.

"Ni mimi," nikasema.

Nyuso arobaini zikageuka. Mwalimu aliona haya, akafungua mdomo kuomba radhi. Nikamwambia hapana, waulize tu wanachotaka. Mtoto wa kwanza alikuwa ameshanyoosha mkono.